Kupigana na kumjenga mhusika katika Dungeons & Dragons: mwongozo kamili kutoka daka letu la Lamu

Askari wetu alikuwa amebakiwa na uhai 3, vibwengo watatu wamemzunguka katikati ya kiwanja, mwana sihiri alipoamua kumwokoa kwa sihiri ya usingizi. Tukarusha dadu, tukajumlisha, kisha tukaisoma kanuni kwa sauti. Sihiri hiyo huanza na mwenye uhai mdogo kuliko wote waliomo ndani ya duara lake. Wa kwanza kulala akawa askari mwenyewe. Mpwa wangu, aliyekuwa akimcheza, akaitazama karatasi yake kwa muda kisha akauliza, "Mjomba, mimi nimekosea wapi? Si ndiye mwenye nguvu kuliko wote?"

Ni kweli alikuwa na nguvu kuliko wote. Kosa lilikuwa kwamba alimjenga ashinde peke yake, kisha akamwingiza uwanjani peke yake. Katika mchezo huu, ambao kila mchezaji humwongoza mhusika wa kubuni na dadu huamua matokeo, mhusika hujengwa kwa ajili ya wenzake, na vita hushindwa au hupotezwa kwa pale mtu aliposimama kabla hata dadu haijarushwa. Yote yafuatayo nimeyapanga juu ya neno hilo.

Kanuni zipi

Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tunacheza kwa kanuni za toleo la tano, la mwaka 2014. Mwaka 2024 zilitoka kanuni zilizorekebishwa, na baadhi ya mambo humu, hasa ile sihiri ya usingizi, yamebadilika ndani yake. Kwa hiyo kabla ya kuketi kubalianeni mnatumia zipi. Huna haja ya kununua kitabu ili uanze. Tangu Januari 2023 waraka wa kanuni za msingi, toleo 5.1, umewekwa chini ya leseni ya Creative Commons, na ni halali kuupakua bure, kuuchapisha na hata kuutafsiri. Ndiyo maana mezani kwetu kila kitu kina jina la Kiswahili. Goblini ni vibwengo. Yule ambaye vitabu vinamwita mchawi tunamwita mwana sihiri, maana neno mchawi huku kwetu ni zito na sikutaka mtoto wa mtu aende nyumbani akaseme leo alikuwa mchawi.

Hatua ya kwanza: vifaa

Utahitaji dadu ya pande 20, na nyingine za pande 4, 6, 8, 10 na 12. Ya pande 6 utaipata kwenye ludo yoyote. Zilizobaki zipo kwenye programu za simu, lakini sisi hupenda kofia: karatasi 20 zilizoandikwa 1 hadi 20, zimekunjwa sawasawa, ndani ya kofia. Sharti ni moja tu. Ukishatoa karatasi na kuisoma, irudishe na uchanganye kabla ya mwingine kuchukua. Usipoirudisha, namba zilizobaki si bahati tena, na anayehesabu atajua 20 bado imo.

Uwanja ni vigae vya sakafuni. Kigae kimoja ni futi 5 za mchezo. Pasipo vigae, chora miraba kwa chaki. Kete za bao ni maadui, na kila mchezaji alete kitu chake cha kumwakilisha. Kifuniko cha soda kinatosha.

Hatua ya pili: namba sita

Kila mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, siha, akili, busara na haiba. Njia nyepesi ni kugawa namba hizi upendavyo: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Ukichagua binadamu wa kawaida unaongeza 1 kwa kila sifa, zinakuwa 16, 15, 14, 13, 11, 9.

Kinachotumika vitani ni nyongeza inayotokana na sifa. Toa 10, gawa kwa mbili, shusha chini. Basi 16 ni +3, 15 na 14 zote ni +2, 13 ni +1, na 9 ni -1. Ona kwamba 15 haina faida yoyote juu ya 14 kwa sasa. Wachezaji wapya hutumia nusu saa kuhangaikia tofauti ambayo haipo.

Kwa mhusika wa ngazi ya 1, yaani anayeanza, andika namba tatu juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa:

Kinga, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili akupate. Vazi la ngozi ni 11 jumlisha wepesi. Deraya ya minyororo ni 16 bila kujali wepesi, lakini inataka nguvu 13, la sivyo mwendo wako unapungua futi 10. Ngao huongeza 2.

Uhai. Askari huanza na 10, mjanja na tabibu na 8, mwana sihiri na 6. Kila mmoja anaongeza nyongeza ya siha.

Kurusha, yaani unachojumlisha kwenye dadu ya pande 20 unaposhambulia: nyongeza ya sifa unayotumia, pamoja na ustadi, ambao ni +2 tangu ngazi ya 1 hadi ya 4.

Siha isiachwe chini ya 14 kwa mtu yeyote. Nimeona watu wakiweka 8 hapo ili wapate haiba, na nimeona walivyomaliza jioni wakiwa watazamaji.

Hatua ya tatu: chagua kazi, ndipo umjenge mtu

Usianze na swali "nataka kuwa nani?" Anza na "kundi linakosa nini?" Kundi la wanne linahitaji wa kuziba njia, wa kuumiza, wa kuinua walioanguka, na wa kubadilisha hali ya uwanja.

*Mziba njia.* Askari mwenye nguvu 16, siha 15, wepesi 14. Mvike deraya ya minyororo, mpe ngao na upanga. Kinga yake ni 18, uhai 12. Kwa mtindo wa kupigana achague ule wa silaha moja mkononi, unaoongeza 2 kwenye madhara. Hapo wengi hunibishia kwamba upanga mkubwa wa mikono miwili unaumiza zaidi, na kweli unaumiza. Lakini tazama hesabu. Kibwengo ana uhai 7. Upanga wa mkono mmoja na mtindo huo ni dadu ya pande 8 jumlisha 5 (3 za nguvu na 2 za mtindo), hivyo ukimpata unamuua mara 7 kati ya 8. Upanga mkubwa ungemuua mara 33 kati ya 36, nafuu ndogo tu, na kwa ajili yake umetupa ngao. Kibwengo anarusha na +4. Dhidi ya kinga 18 hukupata mara 7 kati ya 20, dhidi ya 16 mara 9. Mtu ambaye kazi yake ni kusimama asiitoe ngao.

*Mpiga mishale.* Huyu namjenga kwa kumfikiria Fumo Liyongo. Tuna shujaa wetu, aliyekuwa na upinde kabla hatujasikia habari za mchezo huu, na sioni kwa nini vijana wa Lamu waazime shujaa wa mbali. Ni askari pia, ila wepesi 16, siha 15, vazi la ngozi, upinde mrefu wa futi 150 na mishale 20. Mtindo wake ni wa upinde, unaoongeza 2 kwenye kurusha, jumla +7. Dhidi ya kibwengo mwenye kinga 15 anapata mara 13 kati ya 20, wakati wenzake wengi wanapata mara 11. Udhaifu wake ni adui aliye karibu: akiwa ndani ya futi 5, kila mshale unarushwa kwa shari, yaani dadu mbili na kuchukua ndogo. Mpe upanga mfupi kiunoni, unaotumia wepesi ule ule, na autumie bila kuona haya. Liyongo wa masimulizi hakuuawa na jeshi. Aliuawa na aliyeruhusiwa kumkaribia, kwa sindano ya shaba kitovuni.

*Mjanja.* Wepesi 16, siha 14, uhai 10, upinde mfupi na upanga mwembamba. Nguvu yake yote iko kwenye pigo la kificho: dadu ya ziada ya pande 6, mara moja kwa zamu, akiwa na heri (dadu mbili, anachukua kubwa) au ikiwa mwenzake yuko ndani ya futi 5 za adui anayelengwa. Soma tena sharti hilo la pili. Mjanja hahitaji kujificha, anahitaji askari aliyesimama mbele ya adui. Hakuna mhusika anayeonyesha vizuri zaidi kwamba karatasi yako imeandikwa nusu na mwenzako.

*Tabibu.* Busara 16, siha 14, nguvu 15 ili abebe deraya, na ngao. Achague njia ya uhai, inayomruhusu kuvaa deraya nzito na kuongeza tiba. Ana sihiri kubwa mbili tu kwa siku, basi asizitumie kufunika michubuko. Mbili za kuzijua: neno la tiba, lenye kufika futi 60 kwa tendo dogo (la ziada kando ya tendo la kawaida la zamu), na baraka, inayowapa watu watatu dadu ya pande 4 ya kuongeza kwenye kila shambulio na kila kujinusuru, yaani dadu inayorushwa ili kuepa hatari. Baraka hushikwa kwa umakini. Akipigwa, anarusha kujinusuru kwa siha afikie 10 au nusu ya madhara, iliyo kubwa, la sivyo inakatika.

*Mwana sihiri.* Akili 16, siha 14, wepesi 15, uhai 8. Asubuhi ajivike deraya ya sihiri, inayompa kinga 15 kwa saa 8, ingawa itamla sihiri moja kati ya mbili alizo nazo. Kwa kundi lenye mziba njia mzuri mimi humwambia aiache na asimame nyuma. Usingizi ndio hazina yake ngazi ya 1: dadu tano za pande 8, wastani 22.5, na jumla hiyo inalaza viumbe kuanzia mwenye uhai mdogo, ukitoa uhai wa kila mmoja hadi isitoshe. Hakuna kujinusuru. Vibwengo watatu wazima ni 21.

Hatua ya nne: zamu moja

Kila mtu anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza wepesi, ndipo mnapangana kutoka juu hadi chini. Raundi ni sekunde 6. Katika zamu yako una mwendo, kwa wengi futi 30, yaani vigae 6, ambao unaweza kuukata: nenda viwili, piga, rudi vinne. Una tendo moja. Unaweza kuwa na tendo dogo, lakini ikiwa tu kuna kitu kwenye karatasi yako kinachosema hivyo. Na kila raundi una tendo moja la kujibu, ambalo mara nyingi ni pigo la kisogoni: adui akitoka kwenye ufikio wako bila kujiondoa kwa utaratibu, unampiga mara moja.

Tendo si lazima liwe shambulio. Kuna kukimbia, kujiondoa, kukwepa, kujificha, kumsaidia mwenzako, na kungoja kwa sharti, mfano "akitokea mlangoni namchoma." Kukwepa ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Mtu mwenye kinga 18 akikwepa, kila anayemshambulia anarusha kwa shari, na njia imezibwa raundi nzima.

Kanuni moja inayokosewa karibu kila meza: ukitoa sihiri kwa tendo dogo, sihiri nyingine pekee unayoweza kutoa zamu hiyo ni ndogo, ile isiyokula akiba. Tabibu hawezi kutoa neno la tiba na baraka kwa pamoja.

Heri na shari

Ukiwa na heri unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Ukiwa na shari unachukua ndogo. Vikikutana, hata heri moja kwa shari tatu, vinafutana na unarusha moja. Ukubwa wa jambo hili uuone kwa namba. Mwenye +5 dhidi ya kinga 15 anapata 55 katika 100. Kwa heri anafika karibu 80. Kwa shari anashuka hadi 30. Hakuna silaha dukani itakayokupa tofauti hiyo. Basi kabla hujauliza "nipige kwa nini?", uliza heri itoke wapi: adui aliyeanguka chini na wewe uko karibu, adui asiyekuona, au mwenzako aliyetumia tendo lake kukusaidia.

Hatua ya tano: pa kusimama

Hapa mtu wa Lamu ana elimu ambayo hakuifundishwa. Umekulia kwenye vichochoro ambamo punda mwenye mzigo akija unajibana ukutani. Chora kichochoro cha kigae kimoja kinachotokea kwenye kiwanja, weka vibwengo wanne kiwanjani, kisha muulize mchezaji asimame wapi. Tisa kati ya kumi watamweka askari mdomoni mwa njia. Akisimama kwenye kigae cha mwisho cha njia, usawa na kona za kuta, vigae vitatu vya mbele yake viko wazi, na watatu watampiga pamoja. Mrudishe ndani kigae kimoja zaidi. Sasa kuta zimeziba pembe, na ni mmoja tu anayeweza kumfikia. Kigae kimoja kimeondoa theluthi mbili za mapigo.

Walio nyuma yake wakirusha mishale, mwili wa askari unampa adui kizuizi cha nusu, yaani +2 kwenye kinga. Mpiga mishale wetu ana +2 ya mtindo wake, hivyo vinalingana. Mjanja anapoteza kidogo lakini pigo la kificho linamfidia, maana askari yuko futi 5 na adui. Unaweza kupita kwenye kigae cha mwenzako ila huwezi kuishia hapo, na kupita kunagharimu mara mbili.

Mchanga laini nao unagharimu mara mbili, kila futi moja huhesabiwa mbili. Niliweka pambano moja kwenye vilima vya mchanga vya Shela, bahari ikiwa imekupwa. Wazee wetu husimulia kwamba katika vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, waliovamia walirudi kwenye vyombo vyao wakakuta maji yamewaacha. Nikawapa wachezaji hali hiyo hiyo: adui ana mashua, maji yanatoka raundi kwa raundi. Walishinda kwa kuchelewesha tu, askari wawili wakikwepa kila zamu juu ya mchanga.

Pambano moja, hatua kwa hatua

Wiki moja baada ya yale ya usingizi tulirudia: kundi lile lile, vibwengo wanne, ila safari hii ndani ya kichochoro. Zamu zikawa mjanja 18, vibwengo 14, askari 11, tabibu 9, mwana sihiri 5.

Mjanja anarusha mshale kutoka ndani. Dadu 12, jumlisha 5, ni 17, amepata. Hakuna mwenzake karibu na kibwengo, kwa hiyo hakuna pigo la kificho. Madhara 5, kibwengo amebaki na 2. Mpwa wangu akasikitika kwamba mshale umepotea bure. Nikamwambia asubiri. Mjanja akarudi nyuma ya askari.

Kibwengo mzima anaingia, dadu 15 na 4 ni 19, anampata askari, madhara 6. Wengine watatu wanarusha mishale kutoka kiwanjani, lakini mwenzao amesimama katikati, kinga ya askari sasa ni 20. Wote wanakosa. Askari anapiga: 11 na 5 ni 16, madhara 8, kibwengo wa mbele amekufa. Kwa tendo dogo anavuta pumzi ya pili, dadu ya pande 10 jumlisha ngazi yake, anarudisha 6 na kufika 12 tena. Tabibu anatoa baraka. Haikuja kutumika, lakini wakati ule ilikuwa uamuzi sahihi.

Mwana sihiri anaweka katikati ya usingizi mbali kiwanjani, futi 20 za duara zisifike kichochoroni. Dadu tano zinatoa 19. Kibwengo wa uhai 2 analala, imebaki 17. Wa 7 analala, 10. Wa 7 wa mwisho analala, 3. Wangekuwa wazima wote watatu, hesabu ingekuwa 21, na mmoja angebaki macho. Mpwa wangu aliona mwenyewe kabla sijasema: ule mshale wa mjanja ndio uliomlaza wa tatu.

Mtu akianguka

Uhai ukifika 0 mtu hajafa. Kila zamu yake anarusha dadu ya pande 20 bila nyongeza: 10 kwenda juu ni heko moja, chini yake ni kosa moja. Heko tatu ametulia, makosa matatu amekufa. Akirusha 1 ni makosa mawili, akirusha 20 anaamka na uhai 1. Adui akimpiga aliyelala kutoka futi 5 na akampata, huhesabiwa pigo kali kabisa, nalo ni makosa mawili kwa mpigo. Kwa hiyo usimwache kwa matumaini ya dadu zake. Neno la tiba la tabibu wetu, dadu ya pande 4 jumlisha 3 za busara na 3 za njia ya uhai, humwamsha akiwa na uhai usiopungua 7, tena tabibu akiwa futi 60 na tendo lake bado mkononi. Ndiyo sababu moja ya sihiri zake mbili haiguswi hadi mtu aanguke.

Ngazi zinazofuata

Ngazi ya 2 askari hupata tendo la ziada mara moja kati ya mapumziko, na mjanja huanza kukimbia, kujiondoa au kujificha kwa tendo dogo, hivyo hadaiwi tena pigo la kisogoni. Ngazi ya 4 unaongeza 2 kwenye sifa moja au 1 kwenye mbili. Mziba njia wetu mwenye siha 15 anaweza kugawa, akaifikisha 16 na busara 13 ikawa 14, nyongeza mbili kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo ile 15 iliyokaa bure tangu mwanzo inalipa. Ngazi ya 5 askari wote wanapiga mara mbili kwa tendo moja, na usingizi unaanza kuchoka, maana maadui wana uhai mwingi. Mwana sihiri aanze kutafuta cha kuubadilisha tangu ngazi ya 3, kabla hajakihitaji.

Mpwa wangu sasa yuko ngazi ya 3. Amebakiza askari yule yule na ngao ile ile. Juzi, kabla hajaweka kifuniko chake kwenye kigae, aliwageukia wenzake akauliza nani anahitaji nini mbele yake.